Bata wa Ziwa Jilore

Wasomaji wetu huenda wakakumbuka kwamba msimu wa kaskazi uliopita tulitangaza katika ukurasa huu, kwa furaha tusiyoificha, kuwa tumemwona bata adimu katika Ziwa Jilore. Tulimtaja kwa jina lake la kisayansi, Anas crecca, bata mdogo wa Ulaya na Asia ambaye hapa Kenya huonekana kwa nadra, na akionekana aghalabu ni katika maziwa ya Bonde la Ufa, si huku kwetu pwani. Tulipongezwa. Kijana wetu akasimulia shuleni. Harusini, shangazi mmoja alitujulisha kwa wageni kuwa ndio "wale wa bata". Kisha ikaja barua fupi ya msomaji mmoja, yenye swali moja tu: "Je, bawa lake mliliona?"

Barua ile hatukuijibu. Bawa hatukuliona.

Basi Januari hii tulirudi Jilore, sisi wazazi wawili, watoto wetu watatu, na ami yao, ambaye ndiye mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu na ndiye aliyemtaja bata yule mwaka jana. Tuliondoka Malindi mara baada ya sala ya alfajiri, tukashika barabara iendayo lango la Sala la Tsavo Mashariki. Tulipita Ganda kabla jua halijachomoza, na mahamri yalikuwa yangali na moto tulipofika ukingoni mwa ziwa.

Jilore ni ziwa la maji matamu lililo jirani na Mto Sabaki, mto ule ule ambao juu huitwa Athi, kisha Galana, na ambao ukifurika hulilisha ziwa hili. Kwa hiyo halina umbo moja. Mwaka wa maji mengi mtu husimama penye miti na kuona maji tu. Mwaka wa ukame hutembea juu ya tope lililopasuka. Safari hii maji yalikuwa ya kadiri, yenye majani mengi pembezoni, na ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu yake.

Bata wa kwanza kuwatambua hawakututaabisha. Wale wapigao mbinja, wenye nyuso nyeupe na shingo ndefu, hujitangaza wenyewe kabla ya kuonekana. Bata domo-jekundu naye hana haja ya kitabu. Taabu ilianza kwa kundi dogo la bata wa rangi ya udongo, waliojibanza kwenye kivuli cha majani, kila mmoja kama mwenzake.

Hapa yafaa tueleze, maana ndipo tulipokosea. Yuko bata mwingine mdogo atokaye Ulaya na Asia, Spatula querquedula, ambaye sisi nyumbani tumemwita bata wa nyushi. Dume lake, likivaa vazi la kuzalia, lina mstari mweupe juu ya jicho, mpana na uliopinda kama unyushi uliopakwa chokaa. Huyu si adimu. Kila mwaka huvuka Sahara kuja kupisha baridi huku Afrika, ingawa uzito wake ni gramu 300 hadi 400 tu. Ila dume hili huchelewa kulivaa vazi lake. Tangu afikapo hadi Januari, na pengine Februari, hufanana na jike, naye jike hufanana mno na jike la crecca. Mtu atarajiaye kuuona unyushi mweupe mwezi wa Disemba, asipouona, hudhani kuwa amepata bata mwingine. Ndivyo tulivyodhani.

Tofauti zipo, lakini zadai subira. Uso wa crecca jike ni wa rangi moja, wenye mstari mmoja mweusi upitao jichoni. Uso wa yule wa nyushi una mistari kadhaa, mweupe na mweusi, na karibu na shina la mdomo pana doa jeupe. Mdomo wake ni wa kijivu mtupu na mrefu kidogo, ilhali wa crecca jike mara nyingi una rangi ya chungwa kwenye shina. Crecca ana mfuo mweupe ubavuni mwa mkia. Na bawa, kama alivyotukumbusha msomaji wetu, ndilo shahidi mkubwa: crecca akiruka huonyesha kiraka cha kijani king'aacho, chenye mpaka mpana mweupe upande wa mbele, dume la nyushi, hata lisipovaa vazi lake, hubaki na sehemu ya mbele ya bawa yenye rangi ya samawati iliyofifia.

Tulikaa karibu saa nzima. Mzee mmoja wa Kigiriama, mvuvi wa kambare, alitupita na kuuliza tunahesabu nini. Tulipomwambia, alicheka kwa upole. "Hao ni wa msimu," akasema. "Hawangoji masika." Akaenda zake na nyavu begani. (Huko Ulaya, tumesoma, watazamaji huangalia kwanza kama bata mgeni ana pete mguuni, kwa kuwa matajiri hufuga bata wa nchi za mbali kwenye vidimbwi vyao nao hutoroka. Jilore shaka hiyo haipo.)

Binti yetu wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyekuwa kwenye darubini. Tulimwona akiinua kichwa, akiinama tena, kisha akimtazama ami yake bila kusema.

"Ami, niwie radhi," alisema hatimaye. "Uso wake una mistari."

"Doa?"

"Lipo, Ami. Karibu na mdomo."

Hakuna aliyesema neno. Ami ni mtu wa miaka sabini kasoro, ndiye aliyewafunza watoto hawa majina ya ndege wote waujuao, na mwaka jana alitaja crecca mbele ya watu. Wakati ule ule furukombe akapita chini juu ya maji, kundi zima likaruka. Tuliona sote, kwa macho matupu, yale mabawa ya samawati, mawili, matatu, yakigeuka kwenye jua. Ami aliketi juu ya jiwe, akajimiminia chai kutoka kwenye chupa, akainywa yote.

"Andika ulichokiona, mwanangu," akamwambia. "Na cha mwaka jana kifute."

Garini tuliifungua tena picha ya mwaka jana, ile tuliyoipiga kwa simu iliyobandikwa kwenye darubini. Haikuwa na uangavu, lakini lile doa jeupe lilikuwamo, na mstari wa shavuni ulikuwamo. Tulikuwa nayo mwaka mzima. Tulikuwa tukitazama jina tulilolitaka, si bata.

Kwa hiyo twawaomba radhi wasomaji, na msomaji aliyetuuliza juu ya bawa tunamshukuru kwa kuchelewa. Taarifa tuliyowatumia wale wanaokusanya kumbukumbu za ndege nchini tumewaandikia tukiomba iondolewe. Kosa kama hili laonekana dogo, lakini alama moja ya uongo kwenye ramani hudumu, na mtu wa kesho atakayetaka kujua ni bata gani hufika Sabaki, na kama wamepungua au wamezidi, ataihesabu pamoja na za kweli.

Binti yetu aliandika daftarini: bata wa nyushi, 11. Chini yake akaongeza mwingine mdogo aliyebaki peke yake ng'ambo ya ziwa, akiwa ametupa mgongo, asigeuke wala asiruke hadi tulipoondoka. Kijana alimsihi amwandike crecca, walau kwa alama ya kuuliza. Akakataa, akaandika: bata, 1.