Hii Imetoka Pedeli, Nakupunguzia Bei

Nimepotea kidogo, ila sababu ninayo. Sababu yenyewe ina miaka miwili na nusu, urefu wa sentimita 88, na jino moja la mbele lililomeguka.

Jino limemeguka kwa kosa langu, na niliseme mapema ili tusipotezeane muda. Binti yangu alipotimiza miaka miwili, mimi baba mtu, mwandishi wa habari ambaye siku nyingi humwacha amelala na kumkuta amelala, nikataka kufanya jambo kubwa. Mshahara ulipotoka nikaenda Kariakoo. Nikarudi na baiskeli nyekundu ya inchi 16, ina kengele, ina kikapu, ina vile vimatairi viwili vya pembeni. Muuzaji aliniambia, "Kaka, chukua hii kubwa, atakua nayo." Nikaona mtu mwenye busara. Si ndivyo tulivyolelewa? Sare ya shule kubwa, viatu vikubwa, unakua navyo taratibu.

Jumapili moja akapandishwa, maana kupanda mwenyewe hawezi, miguu haifiki chini. Ua wa nyumba tuliyopanga umeinamia upande mmoja kuelekea mtaroni. Tairi la pembeni likaning'inia hewani, baiskeli ikalala, mtoto chini, baiskeli juu yake. Mdomo ukagonga ukingo wa mtaro. Mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka pale, naongea na mhariri kwenye simu kuhusu habari ambayo leo hii hata siikumbuki.

Mama yake hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Usiku, mtoto ameshalala, aliniuliza swali moja tu: "Hivi si wewe unayeandika wale waendesha baiskeli wanaogongwa barabarani? Sasa mwenzangu, mtoto unampeleka wapi?"

Kweli naandika. Aya tatu, ukurasa wa ndani: umri, eneo, aina ya gari. Sikuwa na jibu, nikajifanya nimelala.

Lakini kazi yangu ni kuuliza maswali, hata kama safari hii niliuliza nikiwa nimechelewa. Nilianza na mzee mmoja fundi baiskeli mtaani kwetu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaitazama ile nyekundu kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. "Mwanangu," akasema, "hivi vimatairi vinamfundisha kukanyaga pedeli tu. Kukanyaga ni kazi ndogo. Kazi ni kutoanguka."

Nilifikiri ni maneno ya uzee, kumbe ni elimu tupu. Baiskeli ya matairi mawili husimama kwa sababu mwendeshaji, bila hata kujijua, anageuza usukani kuelekea upande inakotaka kuangukia. Na ukikata kona, lazima baiskeli ilale kidogo kuelekea ndani ya kona. Vimatairi vya pembeni vinazuia kulala huko. Mtoto anazoea kitu kisichoegemea popote, na siku mkivifungua inabidi aanze upya, safari hii akiwa na woga.

Ndipo nikajifunza kwamba kuna baiskeli za watoto wadogo zisizo na pedeli kabisa. Hazina cheni, hazina chochote cha kukanyaga. Mtoto anakaa kwenye siti, nyayo ziko chini, anatembea nayo. Akizoea anakimbia. Akikolea anainua miguu na kuserereka. Anajifunza mizani kwanza, pedeli zitakuja baadaye.

Na wala si mtindo wa jana. Baiskeli yenyewe ilianza hivyo! Juni 1817 Mjerumani Karl Drais alitoka mjini Mannheim akiwa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, anakisukuma kwa miguu yake. Pedeli za kwenye gurudumu la mbele zilikuja kushika kasi Ufaransa katika miaka ya 1860. Yaani watu wazima walikaa karibu nusu karne wakisukuma kwa miguu kabla ya pedeli kuenea, halafu mimi nilitaka mtoto wa miaka miwili aanzie kwenye pedeli. Na wenzetu wa Goma, kule Kongo, mpaka leo wana chukudu: mbao, magurudumu mawili, hakuna pedeli, na inabeba magunia ya viazi na mkaa. Mjini kwao imejengewa hadi sanamu.

Basi nikaanza kutafuta, safari hii kwa vipimo. Nawaandikia hapa kwa faida ya kina baba wenzangu.

Kwanza, achana na umri na inchi, pima mguu. Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, weka kitabu katikati ya mapaja kikiwa kimegusa juu kabisa, kisha pima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Wa kwangu alitoa sentimita 35. Siti inatakiwa iwe chini ya hapo kwa sentimita mbili au tatu, ili akikaa nyayo zote zikanyage ardhi na magoti yakunje kidogo. Kwa hiyo nilitafuta siti inayoshuka hadi 32. Ile nyekundu, hata ukiishusha mpaka mwisho, haikaribii.

Pili, uzito. Wanaozijua hizi baiskeli wanashauri isizidi sana asilimia 30 ya uzito wa mtoto. Binti yangu ana kilo 12 kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo tunaongelea kilo tatu na nusu, nne ukijikaza. Ile nyekundu niliipeleka dukani kwa Mangi, tukaipandisha kwenye mizani ya kupimia sembe. Kilo tisa na nusu! Mangi akacheka mpaka akakaa. Nilikuwa nimemkabidhi mtoto mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe, halafu nashangaa umemlalia.

Tatu, matairi. Kuna ya sponji ngumu, hayapati pancha na ni mepesi, lakini yanateleza na hayapunguzi mtikisiko. Kuna ya upepo, mazito kidogo ila yanashika ardhi. Ua wetu ni mchanga na vipande vya matofali, nikachagua ya upepo. Pancha tutaziba. Breki ya mkono kwa umri huu si lazima, vidole bado havina nguvu na breki zake ni miguu. Ila vishikio vya usukani viwe na ncha nene za mpira, maana akianguka ndizo zinazokutana na kifua. Na kofia ngumu, hata kama ni uani.

Dukani, kwenye viyoyozi, niliikuta moja nzuri kwa laki tatu na nusu. Nikaishika, nikaipongeza, nikairudisha. Fundi wangu alikuwa tayari kufungua pedeli za baiskeli ndogo ya kawaida (hapo nikajifunza kwamba pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na zilivyo nati nyingine), lakini alinionya kwamba uzito wa fremu unabaki palepale.

Mwisho nikaipata kwenye mitumba, Ilala, imelala chini ya lundo la magari ya plastiki. Bluu, imechunika rangi, inchi 12, kilo nne na kidogo, siti inashuka hadi 31. Muuzaji, kijana wa rika langu, akaniona naigeuzageuza. "Bro, hii imetoka pedeli, nakupunguzia bei. Elfu arobaini, pedeli utatafuta."

Wadau, nilinyamaza. Mimi ninayelipwa kusema ukweli nilihesabu elfu arobaini kimyakimya, nikaondoka. Nikafika kituoni, daladala ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nikarudi. Nikamwambia, "Kaka, hii haijatoka pedeli. Ndivyo ilivyotengenezwa, na watu wanazitafuta." Nikamwongeza elfu ishirini. Akaitazama ile bluu, akanitazama mimi, kisha akamgeukia mwenzake: "Oyaa, zile mbili nyingine usiuze! Bei imepanda!" Kwa hiyo mkienda mkakuta ghali, lawama zote ni zangu.

Siku ya kwanza binti aliigomea. Alipoiona tu alishika mdomo. Hapo ndipo nilipojua kilichovunjika kilikuwa zaidi ya jino. Sikumlazimisha. Nikailaza uani, nikakaa kando yake, simu nikaiacha ndani kwenye mtungi wa mchele. Siku ya tatu aliizungusha tairi kwa mkono. Siku ya tano alikaa, nyayo zote chini, akanitazama kama anayeuliza iko wapi hila. Wiki ya tatu alitembea nayo kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mwarobaini. Jumamosi iliyopita aliinua miguu yote miwili. Sekunde mbili, labda tatu. Halafu akaishusha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Nikamrudia mama yake na jibu. Nilimwambia simpeleki barabarani. Barabara ya Morogoro, ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka yaliyoanza mwaka 2016, iliwekewa njia ya baiskeli pembeni, na ukipita utakuta bodaboda humo na meza za biashara humo. Hilo nitaendelea kuliandika, ikiwezekana kwa zaidi ya aya tatu. Mtoto kwa sasa nampeleka kutoka mlangoni hadi kwenye mwarobaini. Huko kwingine ataamua mwenyewe akiwa anajua kujishika.

"Na ile nyekundu?" akauliza.

Ile nyekundu ipo juu ya kabati, vimatairi vya pembeni nimeshafungua. Yule muuzaji wa Kariakoo hakukosea sana: atakua nayo. Ila kwanza akue.

Naomba kuwasilisha.