Bonaire: Kisiwa Kinachokukabidhi Mtungi na Kukuachia Bahari

Barabara ya pwani ya magharibi ya Bonaire imepangwa mawe ya manjano. Kila jiwe limeandikwa jina: Karpata, Andrea, Invisibles, Pink Beach, na mengine mengi hadi karibu na mnara wa taa wa kusini. Mpita njia asiyejua angedhani ni mawe ya kuhesabia maili. Kumbe kila moja linaonesha mahali pa kuingilia baharini. Unaegesha pikapu, unavaa mtungi wa hewa, mnakaguana vifaa wewe na mwenzako, mnaingia majini. Hakuna boti ya kusubiri wala mtu wa kukuambia muda umekwisha.

Mzamiaji aliyezoea hoteli za pwani anajua utaratibu wa kawaida. Boti huondoka asubuhi kwa saa iliyopangwa, watu sita au wanane humfuata kiongozi mmoja, na mara nyingi anayemaliza hewa mapema ndiye anayeamua wote wapande lini. Utaratibu huo hauna ubaya, na kwa mgeni wa bahari ndio salama. Lakini wapo wanaotaka kukaa nusu saa mbele ya tundu moja wamtazame mkunga anavyosafishwa kinywa na kamba wadogo, au wazamie alfajiri kabla ya chai. Hao husaka hoteli yenye mwamba wa matumbawe mbele ya mlango, inayowaruhusu kushuka wawili wawili bila kiongozi. Hoteli hizo zipo Maldivi, zipo Misri kwenye Bahari ya Shamu. Bonaire imekwenda mbali zaidi: karibu pwani yake yote ya magharibi imefanywa mwamba wa namna hiyo.

Maumbile yenyewe yameisaidia. Kisiwa hiki cha Karibi, kilomita za mraba 288 tu, kiko umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Venezuela. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo upande wa joshi mawimbi yanapasuka juu ya majabali na hakuna mgeni mwenye akili anayejitosa huko peke yake. Upande wa demani maji yametulia. Unaogelea dakika chache juu ya mchanga na matumbawe machache, na ukifika kina cha mita kumi hivi sakafu inainama na kushuka kwenye buluu. Joto la maji ni nyuzi 26 hadi 29. Tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ya sentimita tu, na njia kuu ya vimbunga vya Karibi hupita kaskazini zaidi.

Lakini bahari tulivu peke yake haitoshi kumfanya mtu akukabidhi mwamba wake. Mwaka 1962 Mmarekani mmoja, Don Stewart, alifika Bonaire kwa merikebu ya matanga. Alikuwa mwindaji wa samaki kwa mshale, akageuka kuwa mtetezi wao, akafungua hoteli ya wazamiaji na kuhimiza maboya ya kufungia boti ili nanga zisivunje matumbawe. Alifariki mwaka 2014, na wenyeji bado wanamwita Kapteni Don. Uwindaji wa mshale ulipigwa marufuku mwaka 1971. Mwaka 1979 bahari yote inayozunguka kisiwa, kuanzia maji yanapoishia yakijaa hadi kina cha mita 60, ikawa hifadhi.

Kwa hiyo mgeni anayekuja kutafuta uhuru hukutana kwanza na masharti. Analipa ada ya hifadhi. Anasikiliza maelezo: usiguse, usikanyage, usiokote, usivae glavu, kwa sababu mkono mtupu huona haya kushika kitu. Kisha anazamia mara moja mbele ya hoteli ili ionekane kama anaweza kuelea bila kutimua mchanga. Akishayatimiza hayo anaoneshwa stoo ya mitungi na hakuna anayemfuata tena. Hoteli nyingi hukuwezesha kuchukua mtungi usiku au alfajiri kadiri upendavyo, na mojawapo ina mahali ambapo gari hupita, mitungi inapakiwa, na safari inaendelea.

Ningemshauri mgeni aanzie Bari, mwamba ulio mbele kabisa ya hoteli, kaskazini kidogo ya mji wa Kralendijk. Kwa sura ya juu hauna lolote la kujivunia: gati la mbao, ngazi, maji ya kijani kibichi. Chini yake zimeandikishwa aina za samaki zaidi ya 300, hesabu inayouweka miongoni mwa sehemu tajiri kabisa za Karibi. Pono wanatafuna matumbawe hadi unasikia sauti ya meno yao. Chewa wadogo wamejibanza kwenye sifongo zenye umbo la pipa. Ukienda taratibu, ukarudia mahali pale pale asubuhi na jioni, unaanza kutambua nani anaishi wapi. Aliye kwenye msafara wa boti hafaidi hilo.

Kaskazini kuna 1000 Steps. Ngazi zake za mawe hazifiki hata mia, lakini anayepanda akiwa na mtungi mgongoni na maji yakimchuruzika haoni kama jina limetia chumvi. Kusini, karibu na mashamba ya chumvi, kuna gati la kupakilia meli, ambalo huzamiwa siku isiyo na meli tu. Nguzo zake zimevishwa sifongo za rangi ya machungwa na zambarau, mizia wananing'inia kivulini, na kasa hupita bila haraka.

Ukitoka majini hapo, usiondoke upesi. Kando ya barabara kuna vijumba vya mawe, vingine vyeupe vingine vyekundu, vifupi kiasi kwamba mtu mzima huinama kuingia. Vilijengwa katika karne ya 19 kwa ajili ya Waafrika waliotumikishwa utumwani kwenye chumvi, ambao familia zao zilikuwa Rincon, upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Uholanzi ilifuta utumwa katika makoloni yake ya Karibi tarehe 1 Julai 1863. Chumvi bado inavunwa, heroe bado wanasimama kwenye maji ya rangi ya waridi, na Kipapiamentu, lugha iliyozaliwa na mkutano huo wa Afrika na Ulaya, ndiyo utakayosalimiwa nayo dukani: bon dia.

Kilomita chache kutoka hapo imelala Hilma Hooker, meli ya mizigo ya mita 72. Mwaka 1984 ilikamatwa ikiwa na shehena ya bangi iliyofichwa nyuma ya ukuta wa uongo, na Septemba mwaka huo huo ikazama. Iko kwenye kina cha mita 30, ubavu wa kulia chini. Kina hicho hakimvumilii mtu asiyetazama saa yake, na hapa hakuna wa kukutazamia.

Usiku ndipo uhuru huu unapoonesha thamani yake. Samaki wakubwa wa rangi ya fedha, tarponi, wamejifunza kuwinda kwa mwanga wa tochi za wazamiaji: wanapita begani kwako, wanammeza samaki uliyemmulika, wanatoweka. Siku chache baada ya mwezi mpevu, jua likishazama, zima tochi. Vijidudu vidogo kuliko punje ya mtama hupanda majini vikiacha nyuma vitone vya mwanga wa buluu, kimoja juu ya kingine, kila dume likimtafuta jike.

Pepo hii ina majeraha yake. Samaki simba, mwenye mapezi mapana ya milia na miiba ya sumu, ambaye kwetu Mafia na Watamu ni mwenyeji, alionekana Bonaire mara ya kwanza mwaka 2009. Huku kwetu wapo viumbe wanaomzuia asizidi. Kule hakukuta wa kumpunguza, akawa anamaliza samaki wachanga. Wazamiaji wa kujitolea wanaruhusiwa kumuua kwa chombo maalumu. Mwaka 2023 ukaja ugonjwa unaoyeyusha nyama ya matumbawe magumu, na tangu hapo wazamiaji wanahimizwa kusafisha vifaa kwa dawa ya kuua viini.

Msomaji wa Pemba au Mafia atauliza: mbona kwetu hoteli hazituachii? Jibu liko kwenye mwezi. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na kule Mafia maji yote ya Ghuba ya Chole hutafuta njia ya kutokea kwenye mlango wa bahari wa Kinasi. Anayeingia saa siyo anapelekwa bahari kuu. Mwongozaji wa huko anahesabu tarehe za mwezi kama babu yake aliyevua kwa mtumbwi, na elimu hiyo mgeni hawezi kukabidhiwa kwa maelezo ya nusu saa. Bonaire inaweza kumwacha mgeni kwa sababu bahari yake inasamehe makosa madogo.

Kwa anayetaka kusafiri, njia ya kawaida kutoka Nairobi au Dar es Salaam ni kupitia Amsterdam. Fedha inayotumika ni dola ya Marekani. Kodi pikapu, na usiache chochote cha thamani ndani yake. Wenyeji watakushauri uiache na madirisha wazi, mwizi asipate sababu ya kuyavunja.

Na popote utakapotafuta mwamba wa namna hii, uliza kabla ya kulipa. Je, bila kiongozi ni ruhusa ya mchana tu, au na usiku? Kituo cha karibu chenye chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo kiko wapi? Sheria inaweka kikomo gani cha kina? Maldivi, kwa mfano, ni mita 30. Nani atajua kwamba hamjarudi? Pale Marsa Shagra, Misri, wazamiaji hujiandikisha wanapotoka, kamba zimetandazwa kuwaonesha njia, na boti ndogo za mpira huwafuata waliochoka.

Kisha tazama wao wanakuuliza nini. Hoteli nzuri itataka kuona cheti chako, itauliza ulizamia lini mara ya mwisho, itataka kukuona majini kabla ya kukuamini. Ikikukabidhi mtungi bila swali hata moja, irudishie mtungi wake utafute nyingine.