Sare ya Praia

Redioni msikilizaji haoni. Ukimwambia "pale", hajui pale ni wapi. Mtaje mwenye mpira, taja upande anaoelekea, na matokeo uyarudie kila mara, maana kuna mtu ndiyo kwanza anawasha redio. Ukitangaza Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ongeza jambo moja: uyajue mahesabu ya kundi zima.

Tarehe 24 Machi 2019 mahesabu hayo yalinitoa jasho. Tulikuwa Uwanja wa Taifa, siku hizi tunasema kwa Mkapa, Stars ikicheza na Uganda waliokwishafuzu AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika. Kushinda peke yake hakukutosha. Ilibidi Lesotho nao wasishinde ugenini Praia, kwa Cape Verde. Sikio moja lilijaa kelele za majukwaani, la pili fundi mitambo akininong'oneza habari za Praia: bado bila bila. Msuva akafunga, Erasto Nyoni akaweka penalti wavuni, Aggrey Morris akaongeza la tatu. Kila bao nililitangaza kwa pumzi zote, kisha hapo hapo nikarudi Praia, kwa sababu wasikilizaji walitaka kusikia ya huko kuliko jina la mfungaji. Kule kukaisha 0-0. Tukarudi AFCON baada ya miaka 39.

AFCON yetu ya kwanza nayo ililetwa na sare. Mwaka 1979 tuliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, kisha bao la Peter Tino likatupa 1-1 Ndola. Fainalini Lagos, 1980, tukafungwa na Nigeria 3-1 na Misri 2-1, tukaambulia 1-1 na Ivory Coast.

Wenzangu wengi hawapendi kulisema hili hewani: katika fainali nne za AFCON, Stars haijashinda mechi hata moja. Misri 2019 tulipoteza zote tatu, na ile ya 3-2 na watani wetu Kenya naomba nisiizungumzie. San Pedro, Ivory Coast, Januari 2024, iliniuma zaidi. Tunaongoza kwa bao la Msuva, Zambia wako pungufu, dakika ya 88 Patson Daka anasawazisha. Wakati kama huo mtangazaji hana ruhusa ya kunyamaza. Unavuta pumzi, unasema "moja moja", unataja nani anaanzisha mpira.

Halafu Morocco, Desemba 2025: tunafungwa 2-1 na Nigeria, sare na Uganda, sare na Tunisia, na kwa pointi mbili tu tunaingia 16 bora kwa mara ya kwanza. Wapo walioona haya. Mimi sikuona. Timu iliyosubiri miaka 39 haichagui mlango wa kuingilia. Wenyeji wakatutoa 1-0, bao la Brahim Díaz, nao walilitafuta mpaka kipindi cha pili.