Mpira wa Kufungia Mizigo: Safari kutoka Manyoni hadi Sekenke



Ukitaka kuujua mkoa, usitazame milima na maziwa yake tu. Tazama pia watu wake wamepakia nini, na wameufungaje mzigo wao. Mkoa wa Singida ni nchi ya mizigo: alizeti, vitunguu, asali, kuku, kuni na madumu ya maji. Leo twende pamoja, tuanze Bonde la Ufa hadi mteremko wa Sekenke, na njiani tutazame kitu kimoja kidogo. Ni ule mpira mweusi uliokatwa katika tyubu kuukuu, ambao karibu kila mwenye baiskeli anao kwenye keria yake. Tutamtazama pia ndugu yake wa dukani, yaani kamba ya mpira iliyovishwa nyuzi za rangi, yenye ndoano huku na huku.

Kitu hiki kidogo huokoa mali ya watu wengi kila siku. Lakini kitu hiki hiki chaweza kumpofusha mtu jicho, au kumharibu mguu. Sababu ya mema yake ndiyo sababu ya mabaya yake. Basi tuifuate sababu hiyo njiani.

PALE WAPAGAZI WALIPOPITA

Msafiri atokaye Dodoma hupita Bahi na Kintinku, nchi tambarare yenye joto. Kisha barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni. Gari hunguruma, mwendesha baiskeli hushuka na kusukuma. Hii ni nchi ya Wagogo.

Zamani misafara ya pwani na ya Unyamwezi ilipita upande huu. Pori lililo magharibi ya Manyoni waliliita Mgunda Mkali, kwa ukavu na ukali wake. Waingereza Burton na Speke walilipita mwaka 1857, naye Stanley akapita njia hiyo mwaka 1871. Hawakubeba mizigo wao. Walioibeba ni wapagazi, kila mmoja kama kilo 30 kichwani au begani.

Je, mizigo hiyo ilifungwa kwa nini? Porini kamba iliyo karibu ni gome la miyombo. Hata leo warina asali wa Itigi na Manyoni waijua kazi hiyo: gome lachunwa, lachanwa, na kamba iko tayari. Ni kamba yenye nguvu. Ila ina shida moja. Mzigo ukitikiswa njia nzima, hushindilika na kupungua unene. Kamba haipungui pamoja nao. Hapo hulegea, na mpagazi hana budi kutua na kufunga upya. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ile mirefu ilikwisha. Baadaye ikaja baiskeli, na pamoja na baiskeli ukaja mpira.

MPIRA ULITOKA WAPI

Mpira ni utomvu wa miti. Wako miongoni mwetu wanaojua kupika kisamvu cha mpira. Majani yale ni ya mti uliotoka Brazili, jamaa ya muhogo. Wajerumani waliupanda kwa wingi, hasa pande za Tanga na Morogoro, wapate utomvu wake. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka, maana mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yametoa mpira mwingi kwa bei ndogo. Mashamba ya huku yakaachwa. Majani yakabaki kuwa mboga.

Mpira mbichi haufai kufungia mzigo. Kwenye joto hunata, kwenye baridi huwa mgumu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipikwa pamoja na salfa huwa imara wala haubadiliki ovyo. Lakini hata kabla yake, mwaka 1820, Mwingereza Thomas Hancock alikwisha kukata mpira vipande vyembamba vya kukazia glavu na soksi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata haki ya tairi lake la kujaza upepo. Ndipo tyubu ilipoanza kuenea duniani, nayo tyubu ikichakaa huwa mali ya mfunga mizigo.

Na ile ya dukani? Ndani yake kuna nyuzi nyingi za mpira, na juu zimefumiwa vazi la uzi ili zisichubuke wala zisivutike kupita kiasi. Katika vita ya 1914 hadi 1918 kamba za namna hiyo zilifungwa kwenye magurudumu ya eropleni, zipokee kishindo cha kutua. Kitu kilichopokea kishindo cha eropleni leo chapokea kishindo cha mashimo ya njia zetu za vijijini.

KAZI YAKE BARABARANI

Kutoka Manyoni hadi Singida mjini ni kama kilometa 120, kupitia Ikungi na Puma. Sasa tumeingia kwa Wanyaturu. Wakati wa mavuno mashamba ya alizeti hutandaa pande zote, na magunia hutoka vijijini kwa baiskeli, pikipiki na mikokoteni ya punda kwenda kwenye mashine za kukamua mafuta.

Simama kando ya njia umtazame kijana akifunga gunia. Ameweka kamba ya katani chini, halafu amezungusha mpira juu, mara tatu au nne, kila mara akiuvuta. Kwa nini atumie vyote viwili? Kwa sababu kamba na mpira havina kazi moja. Kamba ya katani hubaki pale ulipoifunga. Mpira ni kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake: hata mama akigeuka, yeye aendelea kuvuta tu. Gunia likishindilika, mpira hulifuata. Baiskeli ikiruka shimoni, mpira hutoa kidogo, kisha hurudi. Mfungaji amekwisha kuondoa mkono, lakini mpira bado wafanya kazi.

Shikeni neno hilo, wasomaji: mpira huendelea kuvuta. Mengine yote yatoka hapo.

UPEPO WA SINGIDA NA KUKU WAKE

Mji wa Singida hauna haja ya kusifiwa na mtu. Mawe yake makubwa yamesimama kati ya nyumba, na maziwa yake mawili, Singidani na Kindai, yang'aa pembeni. Tena una upepo. Mtu aliyepakia godoro kwenye pikipiki aujua vizuri. Upepo wa ubavu hulifanya godoro kuwa tanga la jahazi. Mzigo mwepesi na mpana kama huo mpira waufaa sana, mradi upitishwe msalaba, mbele na nyuma, wala si mahali pamoja tu katikati.

Singida yasifika pia kwa kuku wa kienyeji. Wengi husafiri ndani ya matenga yaliyofungwa kwenye keria, na hiyo ni njia njema: mpira wakaza tenga, tenga lalinda kuku. Lakini wako wanaowafunga kuku miguu kwa kipande cha mpira na kuwaning'iniza kwenye usukani, vichwa chini. Kumbuka neno letu. Mpira uliofungwa mguuni haukai pale ulipouacha. Wazidi kubana mwendo mzima. Damu haipiti. Kuku hufika sokoni hawezi kusimama, na mnunuzi hashawishiki. Ni mateso kwa kiumbe, tena ni hasara kwa mfuko.

JICHO

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mpira uliovutwa umebeba nguvu yote uliyoutia. Ndoano ikichomoka, au kipande kikikatika, nguvu ile hairudi mahali pengine ila kule ulikovutiwa. Nako ndiko uso wako uliko, maana umeinama juu ya keria ukivuta kuelekea kifuani. Kope haziwezi kufunga upesi kuliko mpira. Madaktari wa macho wa nchi nyingi wamekwisha kuandika habari za watu waliopigwa na ndoano za kamba hizi: damu ndani ya jicho, jicho kupasuka, wengine wasione tena.

Kwa hiyo, kwanza, tia ndoano ya upande wa mbali kabla ya ile ya karibu, nawe uone kwa macho kwamba imeshika chuma imara, si waya wala kitambaa cha gunia. Pili, simama kando, uso usiwe juu ya mstari wa mpira. Tatu, usiuvute mpaka mwisho wake. Kamba ya mpira ya mita moja, ukiivuta ikawa mita moja na nusu, yatosha. Isipofika, tafuta ndefu zaidi. Nne, wakati wa kufungua, shika ndoano kwa nguvu mpaka mpira ulegee kabisa, usiiachie iruke. Tano, watoto wasisimame karibu, wala wasipewe mipira hiyo kuchezea. Wao huona manati tu.

Jicho likipigwa, msilisugue. Msilitie maziwa, wala maji ya majani, wala dawa ya jirani. Lifunikeni kwa kitu kigumu chenye shimo, kama kikombe kidogo kisafi, kisiliguse jicho lenyewe, na mwende hospitali siku ile ile. Jicho laweza kuonekana zima kwa nje nalo limeumia ndani.

MGUU

Liko jambo la pili, nalo halimo katika mizigo, ila lafanywa kwa mpira ule ule. Mtu akiumwa na nyoka shambani, jirani hukimbilia baiskeli, hufungua mpira wa keria na kuukaza juu ya jeraha, sumu isipande. Nia yake ni njema, lakini lile neno letu liko hapo pia: mpira huendelea kuvuta. Mguu huvimba, mpira nao hauachi. Damu haifiki chini, nyama hufa. Kwa nyoka kama kifutu, ambaye sumu yake huharibu nyama pale pale alipouma, kuifungia sumu mahali pamoja ni kuzidisha uharibifu. Mtu aweza kupona sumu akapoteza mguu kwa sababu ya mpira.

Fanyeni hivi: mtulizeni mgonjwa, asitembee wala asikimbie. Mvueni viatu, pete na bangili. Fungeni vibao kando ya mguu kwa vitambaa, bila kukaza, kama mfungavyo mfupa uliovunjika, na mmpeleke zahanati au hospitali mbio. Msichanje, msinyonye. Kama mtu amekwisha kufungwa mpira kwa nguvu, msiufungue ghafla njiani. Harakisheni, na mkifika mwambieni mhudumu mara moja, yeye ndiye aufungue.

MTEREMKO WA SEKENKE

Kutoka Singida barabara yaendelea kupita Iguguno na Misigiri, nchi ya Wanyiramba, na kando yao Wanyisanzu. Halafu ghafla nyanda za juu zakatika, nawe waona mbele yako mbuga ya Wembere imelala chini hadi upeo wa macho. Huo ndio mteremko wa Sekenke. Dhahabu iligunduliwa Sekenke mwaka 1909, na dhahabu ya huko yasemwa ndiyo iliyopigwa sarafu za Rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, wakati wa vita.

Mteremko huu ndio mwalimu wa wafunga mizigo. Katika kushuka, mzigo mzito hutaka kwenda mbele na kutupa uzito wake kwenye kona. Hapo mpira peke yake haufai. Ule wema wake wa kutoa na kurudi wageuka kuwa ubaya: gunia huyumba, mpira hutoa, gunia lazidi kuyumba, na baiskeli huenda na gunia lake. Mzigo mzito ushikwe na kamba ya katani au ya manila, iliyofungwa fundo la kweli. Mpira uje juu yake kukaza palipolegea. Kamba ishike, mpira ukaze. Na mtoto aliyepakiwa nyuma asifungwe kwa mpira kamwe. Apandishwe akiwa aweza kushika mwenyewe, na miguu yake iwe mbali na spoki.

KABLA YA SAFARI

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Mpira nao vivyo hivyo. Kila mara kabla ya kupakia, uvute kidogo uutazame mwangani. Ukiona nyufa ndogo ndogo, jua umeula. Ukiona kingo zina chega, yaani kisu kilikata ovyo, chega hiyo ndiyo itakayoanza kuchanika. Fundi akate mstari mmoja laini. Mpira uliolowa petroli, oili au mafuta ya taa umekwisha kulainika ndani, utupe. Usiuache umevutwa kwenye keria usiku na mchana. Ulegeze, uutundike kivulini. Ncha zinazoning'inia zichomeke ndani, maana ncha ikinaswa na spoki au mnyororo, gurudumu husimama nawe warushwa mbele. Ndoano iliyonyooka usiikunje ukairudisha kazini.

Mambo haya hayagharimu fedha. Fundi wa baiskeli atakukatia mpira kwa bei ndogo, na pengine atakupa bure ukimwachia tyubu kuukuu. Basi, kesho asubuhi, kabla kijana wako hajaondoka na gunia kwenda mashineni, nenda naye kwenye keria. Uvute mpira, utazame nyufa, umwonyeshe mahali pa kusimama, jicho lake lisiwe njiani mwa ndoano.