Mbwa Mkali

Jua likishatua nyuma ya milima ya Usambara ya Magharibi, giza huwahi kuingia katika bonde la mto Lwengera. Mto huo unateremka kwenda kukutana na Pangani, Usambara ya Magharibi ikiwa upande mmoja na ya Mashariki upande wa pili, na katikati ya bonde ndipo ilipo Magoma, nchi ya mkonge. Saa hiyo ya magharibi, wenye vishamba vya mahindi hubeba blanketi, tochi na panga wakaenda kulala madunguni, kwa kuwa nguruwe mwitu hawana siku ya mapumziko. Na nyuma ya kila mwenye dungu, hatua tatu hivi, hufuata mbwa.

Mzee mmoja wa Magoma, aliyekwishavuka miaka themanini, ameifuata desturi hiyo tangu alipostaafu ulinzi. Mbwa wake ni wa kawaida: mwekundu, mwembamba, masikio wima, mkia umejikunja. Hana jina la ukoo wala cheti. Hulala nje chini ya uvungu wa ghala, hula katika kigae chake, na mzee akisikia adhana huzunguka upande wa pili wa nyumba ili mbwa asije akamgusa kwa ulimi kabla ya sala. Hampapasi, wala hampigi. Mtu angeweza kudhani wawili hao hawajuani, mpaka usiku uingie na nguruwe waje.

Katika muundi wa mguu wa kushoto mzee ana kovu refu, limekunjamana kama ukingo wa ukili. Alilipata angali mtoto, katika miaka ya 1950, alipoingia kuokota mapera katika bustani ya nyumba ya meneja wa shamba moja la mkonge. Mbwa aliyemkamata hakuwa wa aina aliyopata kuiona. Alikuwa mkubwa kama ndama, kifua kipana, taya nzito, na hakubweka. Baba yake mtoto, manamba aliyetoka bara kwa mkataba, alimbeba mgongoni hadi zahanati, na kesho yake akaitwa ofisini kuulizwa kwa nini hamfunzi mwanawe adabu. Mzee huyo husimulia habari hii bila ya hasira. Lipo jambo moja tu analolirudia: mbwa yule aliitwa kwa jina lake, na baba yake aliitwa kwa namba.

Ili kumwelewa mbwa wa meneja, yapasa kurudi nyuma sana. Katika jumba la mfalme Ashurbanipal huko Ninawi, kwenye karne ya saba kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mafundi walichonga ukutani mbwa wenye vichwa vizito na shingo nene wakivutwa kwa kamba kwenda mawindoni. Michoro hiyo leo imo katika makumbusho ya London, na atazamaye humwona mbwa yule yule wa getini. Wayunani walisifu mbwa wakubwa wa Wamolosi, watu wa Epiro. Warumi wakawarithi, na jina la Molosi likabaki hadi leo kuwa jina la jumla la majibwa yenye taya pana. Kazi yao ilikuwa kulinda zizi na kukabili mnyama mkali, na mwenye nguvu hakukawia kuiona kazi ya tatu: kumkabili mtu.

Mwaka 1495 Christopher Columbus alifungulia mbwa wa vita juu ya Wataino wa kisiwa cha Hispaniola. Karne tatu baadaye, mwaka 1795, Waingereza waliposhindwa kuwatiisha Wamaruni wa Jamaica, watumwa waliojikomboa na kujichimbia milimani, waliagiza Cuba mbwa wa kuwasaka watu pamoja na wachungaji wao. Habari ya kufika kwa mbwa hao ilikuwa sehemu ya yaliyowafanya Wamaruni waweke silaha chini. Mbwa hakuwa na kosa. Alizaliwa, akachaguliwa, akazalishwa tena na tena kizazi hata kizazi, mpaka mwili wake ukawa kauli ya bwana wake.

Hata hivyo, nguvu ile ile imefanya mengine. Katika njia ya theluji ya Great St Bernard, mpakani mwa Uswisi na Italia, watawa walifuga majibwa yaliyotafuta wasafiri waliopotea; mmoja wao, Barry, aliyekufa mwaka 1814, anatajwa kuwa aliokoa watu zaidi ya arubaini, na umbo lake limehifadhiwa mjini Bern. Huko Rottweil, Ujerumani, mbwa waliitwa kwa jina la mji huo kwa kuwa waliwasaidia wachinjaji kuswaga ng'ombe. Na Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wa Kituruki wanaokulia zizini pamoja na mbuzi tangu wangali watoto. Mbwa hao hubweka, husimama kati ya kundi na duma, na mara nyingi duma hugeuka akaenda zake. Hivyo mbuzi husalimika na duma naye husalimika, kwani mfugaji asiyepata hasara hana haja ya bunduki.

Basi hukumu haimo katika ukubwa wa mbwa. Imo katika mkono ulioshika kamba.

Wajerumani walipoingia Tanga walileta vitu vingi vya kupanda na vya kufuga. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka kwa hiyo sitini na miwili yakatoka mashamba yaliyoenea hadi chini ya Usambara. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Penye mkonge pakawa na meneja, penye meneja pakawa na nyumba juu ya kilima, na penye nyumba juu ya kilima aghalabu pakawa na mbwa wa kutoka Ulaya. Chini ya kilima, kwenye kambi za manamba, walikuwako mbwa wengine, na hao masetla wa Afrika Mashariki waliwapa jina moja: mbwa shenzi.

Neno hilo halikuanza na Wazungu. Watu wa pwani ndio waliolitumia kwanza, wakiwaita hivyo watu wa bara, na dhambi hiyo haina budi kukiriwa. Setla alilikuta sokoni akalichukua, akalitia kwa mtu na mbwa wake kwa pamoja. Likasafiri hadi Kongo, na katika miaka ya 1930 mbwa mmoja mdogo wa misitu ya huko, asiyebweka, alioneshwa Uingereza kwa jina la Basenji, yaani la watu wa porini. Hivi sasa ni mbwa wa fahari mwenye vyeti, anauzwa kwa bei kubwa, na wamfugao wengi hawajui kwamba wanamwita kwa tusi.

Kusini yake mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mbwa wa Wakhoikhoi alikuwa na mstari wa nywele mgongoni unaoota kuelekea kichwani, kinyume cha nywele nyingine. Walowezi walimchanganya na majibwa yao, wakapata mbwa wa kumzingira simba mpaka mwindaji afike, na mwaka 1922 wakakutana Bulawayo kuandika sifa zake. Alama ya kumtambulia, ile iliyompa jina la Rhodesian Ridgeback, ni ule mstari wa mgongoni. Jina likachukuliwa na Rhodesia. Mstari ulikuwa wa Mkhoikhoi.

Milima inayoitazama Magoma ina habari kongwe zaidi ya mbwa, nayo imeandikwa kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu wa pwani aliyepata kuwa liwali, aliandika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichochapwa kwa mafungu na matbaa ya wamishenari wa Magila kuanzia mwisho wa karne ya 19. Humo mna Mbegha, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, aliyekataliwa na jamaa zake huko Nguu kwa kuogopewa nuksi. Alikuwa msasi wa nguruwe, na mali yake ilikuwa mikuki na mbwa. Alimchukua mtoto wa mkuu wa Kilindi kwenda naye kuwinda, nguruwe akamuua yule kijana, na Mbegha akakimbia na mbwa wake hadi Usambara. Huko aliwagawia watu nyama, akawaokoa na nguruwe waliokuwa wakila mashamba yao, akamuua simba, na watu wa Vugha wakamfanya mfalme.

Utawala mzima wa Wakilindi, basi, uliingia milimani ukifuata nyayo za mbwa. Mwandishi wake alikuwa Mwislamu, na mawindo yalikuwa nguruwe. Wala kalamu yake haikuona haya kuyaandika yote mawili. Wasasi nao wana msemo: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Katika msemo huo ukali si tusi. Ni sifa ya kazi iliyogawanywa kati ya wawili.

Yafaa pia kusema lile ambalo watu wa pwani hulisema nusu. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafi, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Qurani yenyewe imewataja Watu wa Pangoni pamoja na mbwa wao aliyelala kizingitini, na katika hadithi za Mtume yumo mtu aliyesamehewa kwa kuteremka kisimani akamchotea maji, kwa kiatu chake, mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu. Unajisi ni jambo la udhu, si ruhusa ya kutesa.

Mzee wa Magoma anayajua haya kwa kuyaishi. Ndiyo maana hakupinga mjukuu wake aliporudi kutoka mjini, amefungua duka la vifaa vya ujenzi, na katika kikapu ana mtoto wa mbwa mweusi mwenye madoa ya hudhurungi juu ya macho, wa aina ya Rottweiler. Baada ya mwaka mmoja mtoto yule alikuwa jibwa. Joto la bondeni lilimtesa. Mchana kutwa alihema kivulini. Alikula nyama ambayo nyumba nyingine ingeipikia siku kuu. Watoto wa jirani waliacha kupita njia ya dukani wakazunguka bondeni, na mwanamke mmoja aliyekuwa akileta maziwa kila asubuhi akaacha kuja. Duka likawa salama, na kimya.

Jioni moja mzee alikwenda akakaa juu ya mfuko wa saruji, mbele ya kibanda cha mbwa. Akakunja suruali, kovu likaonekana. Mjukuu alikuwa akimaliza kupaka rangi kibao cha kutundika langoni, kimeandikwa MBWA KALI.

"Hapo umekosea, mjukuu wangu," alisema mzee. "Chai kali. Dawa kali. Pilipili kali. Mbwa si pilipili. Mbwa mkali, kama mtu mkali."

"Lakini babu, huyu si mbwa, ni jibwa. Na jibwa ni kali."

Mzee alinyamaza kidogo, maana mjukuu alikuwa sahihi. Kiswahili humweka mbwa katika ngeli ya wenye roho. Amekuja, kama mtu alivyokuja. Lakini ukimkuza kwa lugha, ukamwita jibwa, anatoka katika ngeli hiyo: limekuja, limekaa, kali. Jina linapokuwa kubwa, roho inaondoka, na kinachobaki ni kitu cha kutisha watu.

"Hilo ndilo lililonishika mimi," alisema mwishowe, akigusa muundi. "Walilikuza mpaka likawa kitu. Wewe chagua. Ukitaka jibwa, andika jibwa, na watoto wasipite. Ukitaka mbwa, mpe herufi yake, kisha umfunze kazi."

Kesho yake mjukuu alinunua mnyororo mrefu kidogo, akaacha kumfunga mchana kwenye njia ya watu, na akaanza kumtembeza asubuhi kabla ya jua, akipita mlango kwa mlango ili watoto wamzoee wakiwa mbali. Walipokuja watu wa mifugo kuchanja kichaa cha mbwa, mzee na mjukuu walisimama katika mstari mmoja, mmoja na mbwa wake mwekundu asiye na cheti, mwingine na mweusi mwenye ukoo. Sindano ilikuwa ile ile, na kadi zilifanana. Penye nafasi ya aina, mwandishi wa kadi aliandika neno moja kwa wote wawili: mbwa.

Kibao bado kiko langoni pa duka. Kati ya maneno mawili ya rangi nyekundu imebanwa herufi ya M, nyembamba, imeinama kidogo kwa kukosa nafasi, na rangi yake ni ya siku nyingine. Maziwa huletwa tena asubuhi. Mwanamke hukiacha kibuyu nje ya lango, hubisha hodi, na hungoja mwenye mbwa aje.