Mgeni wa Msasani na Safari ya Kurudi

Ukifika Msasani jioni, utakuta watu wa namna mbili ufukweni. Wavuvi wanashona nyavu zao. Wageni wa Ulaya wanashuka botini wakitoka kisiwa cha Bongoyo, migongo imeiva kwa jua.

Nilimwuliza mzee mmoja mvuvi: mgeni akiumia vibaya huko, nani humchukua? Akacheka. “Sisi humleta mpaka hapa mchangani. Toka hapa, aitafute karatasi yake ya bima.”

Basi ni kweli. Mguu uliovunjika huungwa papa hapa mjini. Lakini liko jeraha la kichwa au la uti wa mgongo ambalo pengine hutaka ndege yenye daktari ndani, kama zile za AMREF ya Nairobi, iliyoanza kazi mwaka 1957. Ndege ya namna hiyo hugharimu maelfu ya dola, na kwa kawaida hairuki mpaka malipo yadhaminiwe. Mwenye bima, bima humdhamini. Asiye nayo, ndugu huchanga, na mgonjwa hungoja.

Zanzibar wamekwisha kuliweka katika sheria: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni atokaye nje ya Tanzania hulipa dola 44 za Marekani, naye hukingwa siku 92, pamoja na kusafirishwa akiwa mahututi.

Na watoto wetu waendao Muscat na Dubai kutafuta kazi? Twawauliza habari za tikiti na viatu tu! Mama, kabla hujafunga sanduku la mwanao, isomeni pamoja karatasi yake ya bima: je, inataja kumrudisha nyumbani akiugua, au hospitali peke yake?