Chumvi Ndani ya Soketi

Kazi ya umeme nimeifanya Tanga mjini, Muheza na Pangani, na adui wangu mkubwa amekuwa chumvi. Upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya soketi. Shaba inashika kutu ya kijani, skrubu inalegea, na ukinzani unazaliwa mahali ambapo fundi hakuuweka.

Huko Raskazone, Tanga mjini, mama mmoja aliniita kwa sababu soketi ya jikoni ilinuka plastiki kila akichemsha maji. "Lakini fundi, mbona taa nikiichomeka hapo hapo inawaka vizuri?"

Nililipenda swali lake. Nikachukua kipande cha boksi, nikamwandikia hesabu. Heta yake ni ya wati 2,000; gawa kwa volti 230, inavuta karibu ampea 9. Balbu ya wati 100 haivuti hata nusu ampea. Tuseme kiungo kilicholiwa kina nusu omu tu. Nguvu inayopotea hapo ni mkondo mara mkondo, mara ukinzani. Kwa balbu haifiki hata sehemu ya kumi ya wati. Kwa heta inazidi wati 35, joto la kutosha kuyeyushia risasi ya kulehemu, nalo limebanwa kwenye ncha ya waya.

"Na fyuzi je, mbona haikatiki?"

Fyuzi inakatika mkondo ukizidi, mama. Kiungo kibovu kinaupunguza.

Nilizima meini swichi, nikafungua. Ganda la waya lilikuwa jeusi, linakatika kama biskuti. Nilikata hadi kwenye shaba safi, nikafunga soketi mpya.

Vijana wangu nimewafundisha hesabu hiyo kabla ya kuwaruhusu kuchimba ukuta. Ni hiyo hiyo inayotumika Hale, kwenye maporomoko ya mto Pangani, ambako tangu 1964 pana mitambo ya megawati 21. Umeme husafirishwa kwa kilovolti 132 kwa sababu volteji ikipanda mara 10, mkondo unashuka mara 10, na hasara kwenye waya ule ule inashuka mara 100.

Ndiyo maana sikabidhi kazi kwa sababu taa imewaka. Nachomeka heta, tunasubiri maji yachemke, nazima meini swichi, kisha nafungua soketi na kugusa skrubu moja moja.